Kusafishwa kwa Bwana Zoltani

Pikipiki ilikuwa imeshaiacha lami ya Kibondo, inakata vumbi jekundu kuelekea kata ya Nyakimuyaga, na nyuma ya dereva amekaa Nicodemus, Mtendaji wa Kata, amekumbatia bahasha kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na waraka uliogongwa mihuri mitatu, yote yake mwenyewe. Ulitangaza kwa umma kwamba kuanzia Jumatatu Bwana Zoltani ni mtu mwema.

Zoltani alikuwa tajiri katika tamthilia ya ng'ambo, iliyooneshwa kila alasiri kwenye kibanda umiza cha Mama Stumai. Kiswahili hakukijua hata cha kuombea maji. Aliyempa ulimi ni Nsabimana, mkulima wa mihogo, aliyeshika maiki pembeni ya televisheni na kuwatafsiria watu. Siku Zoltani alipokifunga kisima cha kijiji kwa kufuli, Nsabimana alimtafsiri hivi: "Ndugu wananchi, suala la maji liko kwenye mchakato."

Kibanda kizima kilicheka mpaka mabati yakaitikia. Kisima cha Nyakimuyaga nacho kilikuwa na kufuli, kwa ajili ya utunzaji wa rasilimali. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa Nicodemus, na maji yalikwenda kwenye tofali za nyumba yake. Tangu siku ile akipita sokoni anaitwa Zoltani. Mkewe Careen alishateleza ulimi mara mbili.

Angevumilia. Lakini Ijumaa ujumbe kutoka juu ulikuwa unakuja kukusanya maoni ya wananchi juu yake. Maoni yakiwa mazuri, anahamia Kasulu, kwenye ofisi yenye zulia. Yakiwa mabaya, zulia atalisikia kwa watu.

Alishukia kibandani na kuubandika waraka kwa mkono wake.

"Asiyetekeleza, kibanda kinafungwa," alisema.

Mama Stumai aliusoma polepole. "Yaani Zoltani asiwe mbaya."

"Asionekane mbaya. Watazamaji wanapotoshwa na usimulizi."

"Lakini Mtendaji, picha zilishapigwa huko kwao," alisema Nsabimana. "Anamtandika mzee wa watu kofi, kila mtu anaona. Mimi nitasema nini, sha?"

"Sema anamfukuzia mbu."

"Na kisima?"

"Anakilinda."

"Na mbuzi wa yule mjane, aliowaswaga mpaka kwake?"

Nicodemus alitafakari kwa masilahi mapana. "Amewapeleka likizo."

Bibi Kudra, ambaye benchi la mbele lilikuwa kama limeandikwa jina lake, akatoa maoni. "Mimi naona ni sawa. Wale mbuzi walikuwa wamechoka."

Jumatatu Zoltani aliinua mkono, kofi likalia, na Nsabimana akasema kwa upole, "Pole mzee, alikuwa mkubwa huyo mbu." Mabenchi mawili yalivunjika kwa kicheko. Jumanne walikuja watu kutoka Busunzu, Jumatano kutoka Mabamba, wengine wakasimama nje na kutazama kwa masikio. Nicodemus, aliyesimama nyuma na daftari, aliandika: mwitikio chanya.

Kufikia Alhamisi maneno yalikuwa yameshatoka kibandani. Kuku akibebwa na mwewe, amepelekwa likizo. Walevi wakizipiga kilabuni, wanafukuziana mbu. Nicodemus alifurahi kwamba wananchi wameipokea istilahi.

Ijumaa ujumbe ulifika, ukiongozwa na Mzee Gharibu, ofisa mtaratibu mwenye kalamu nne. Akawauliza wananchi waliokusanyika wanamwonaje mtendaji wao.

Bibi Kudra alisimama wa kwanza. "Mtu mwema. Nikienda kisimani ananifukuzia mbu."

"Yeye mwenyewe?"

"Kwa mkono wake. Juzi mara mbili. Sikio hili linavuma hadi leo."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Kisima anakilinda," alisema Mama Stumai. "Tangu mwezi wa sita haijatoka hata ndoo moja."

"Mbuzi wangu watatu walikunywa maji pale," alisema mzee Pasikali. "Akawapeleka likizo. Huu ni mwezi wa nne hawajarudi."

Gharibu aliandika yote. "Miaka thelathini kazini," alisema, "sijaona mtendaji anayepambana na mbu kiasi hiki. Mkono kwa mkono."

Nicodemus alifungua mdomo ili asahihishe. Akaona kwamba akisahihisha, itabidi aeleze mbu ni nini. Akaufunga.

Taarifa ilikwenda juu na majibu yakarudi kwa haraka isiyo ya kawaida. Nicodemus alihamishiwa Kasulu kweli, kikosi cha kuangamiza viluwiluwi vya mbu, kituo cha kazi mabwawa ya Titye. Anabeba bomba la dawa mgongoni, zulia hakuna. Careen alimfuata baada ya miezi miwili, na humwita jina lake halisi akiwa hana hasira. Gharibu alipongezwa kwa taarifa yenye takwimu. Mbuzi wa Pasikali walirudi wawili. Wa tatu alikuwa ameshaliwa. Kufuli la kisima lilipelekwa likizo na Bibi Kudra, kwa jembe.

Waraka hakuna aliyeufuta, bado umebandikwa kibandani. Ndiyo maana katika sehemu ya mwisho ya tamthilia, Zoltani alipotiwa pingu mbele ya kijiji chake, Nsabimana aliusoma kwanza, akarudi kwenye maiki, na kuwatangazia watazamaji kwamba mheshimiwa amezawadiwa saa mbili, moja kila mkono.