Musalaba wa Chokaa wa Burungu

Siku ya kwanza, tarehe 3 mwezi wa tano 1954. Nyamitaba, kambi ya ramani.
Mimi Hakorimana, nitakuwa dessinateur, mwenye kuchora ramani! Chef wa kambi amesema kiti ni kimoja, na sisi ni wawili, mimi na Symphorien. Mwenye kushindwa anarudia kubeba miti ya kupimia. Na Papa Kanyamibwa alishasema binti wake Céline hataolewa na mubeba miti.

Kazi iko hivi. Tunaunganisha mezani picha zilizopigwa na avion, ile ndege, jiwe la picha hii juu ya jiwe lile lile la picha ingine. Kisha tunaangalia misalaba tisa ya chokaa tuliyotia milimani mbele avion ipite. Kila musalaba uanguke pahali palipopimwa. Ukikosa, ile nafasi njo kosa. Chef anakubali nusu milimita, zaidi hapana.

Siku ya pili, tarehe 4.
Symphorien, na picha zake za Kalembe, hajapita nusu milimita hata pamoja. Anapiga mluzi. Mushenzi! Kwangu misalaba munane ni mizuri. Ule wa Burungu umekosa milimita moja na nusu.

Najua sababu. Ng'ombe za Papa Kanyamibwa kule Burungu zilikuwa zinalamba chokaa, akanung'unika. Musalaba ulishapimwa, avion haijapita, nikausogeza hatua makumi sita, nipendeze baba mukwe. Sikuambia muntu.

Siku ya tatu, tarehe 5.
Nimepata akili! Nimeandika kosa sufuri kwa misalaba yote. Chef alitazama sana. Akasema avion inatikisika, karatasi inavimba na mvua, jicho linachoka. Kazi ya kweli haikosi kosa kidogo. Sufuri tisa ni za muntu asiyepima. Na kosa kubwa pahali pamoja si aibu, linaonyesha pa kwenda kuangalia. Akaniuliza polepole kama kuna kitu najua juu ya Burungu. Nikasema hapana, Chef. Akanipa mpaka siku ya posho nipime tena.

Siku ya ine, tarehe 6.
Nimetembea mpaka Burungu. Nimemwambia Céline yote. Hakucheka. Akasema niende niseme kweli. Mubeba miti atamukubali, muongo hapana, na kwa baba yake atasema yeye mwenyewe. Yezu Maria, maneno yale yaliniingia! Njiani niliwaza: kumbe kosa lilikuwa linasema, mimi njo niliziba kinywa chake. Machozi yalinitoka kabisa. Nitasema!

Siku ya posho, tarehe 8.
Sikusema. Asubuhi Symphorien alinitazama kwa huruma. Huruma ya Symphorien! Nani anaivumilia?

Lakini fundisho la Chef nimelishika. Sufuri ilikuwa ujinga wangu. Anataka makosa madogo, basi nimemupa: sehemu tatu za kumi za milimita, musalaba wa kwanza mpaka wa tisa, zote sawasawa. Nimetia sahihi kwa wino. Nimetuma neno kwa Céline kwamba nimesafisha roho, baba yake atayarishe pombe. Sasa Chef ananiita, na ameshika ile karatasi. Nimevaa shati ya Misa.