Watu Kumi na Mmoja Wasiofika Kutengeneza Cherehani

Kwa Mkuu wa Idara ya Kuhesabu Watafutaji

Ndugu Mkuu,

Nakusihi, kabla hujasoma mstari wa pili, ufunge mlango. Neno lolote la barua hii likimfikia shangazi yangu, sina kazi, na pengine sina shangazi. Ninaandika kwa kalamu kwa sababu kompyuta ya ofisini imegeuziwa upande wa meza yake.

Mimi ni karani katika karakana ya shangazi ya kutengeneza cherehani. Kazi yangu ni kutafiti maneno ambayo watu wa mtaani kwetu huandika kwenye mtandao wenu wakitafuta fundi, ili tuyaweke kwenye tovuti yetu watuone. Maneno makubwa hutafutwa na maelfu, lakini huko makampuni makubwa yamejazana hadi mlangoni. Nikamshauri shangazi tuchukue maneno madogo: watafutaji wachache, lakini kila mmoja ana cherehani mbovu na anaishi hatua chache kutoka kwetu. Siku moja nikajaribu kuandika "kutengeneza cherehani nyuma ya tangi la maji". Baada ya siku chache chombo chenu cha hesabu kikaonyesha kwamba maneno hayo yana mtafutaji mmoja. Sisi tuko nyuma ya tangi la maji. Niliona ni bahati ya pekee.

Tukayaandikia ukurasa mzima, tukawa wa kwanza. Nina hakika, maana shangazi ameweka sheria: kila tarehe mosi asubuhi, kabla ya kuvaa aproni, wafanyakazi wote kumi, yeye na mimi tukiwemo, tunatoa simu na kuyatafuta maneno hayo, kila mtu mara moja, tuone kama bado tunaongoza. Mwezi wa kwanza wa sheria hiyo idadi ikafika kumi. Shangazi alininyanyua mkono mbele ya mafundi. "Mnamwona huyu? Ada ya shule niliyomlipia haikupotea." Hapo ndipo taabu zangu zilipoanza, nami naziorodhesha kwa heshima.

1. Watu hao kumi hawajafika. Shangazi aliwanunulia viti kumi vyenye mito ya bluu, akavipanga mapokezi. Hadi leo vina nailoni zake.

2. Viti hivyo ni vya hao kumi tu. Mteja wa kawaida akitaka kukaa huambiwa, "Samahani mama, hicho kina mwenyewe." Juzi bibi mmoja mshonaji, aliyepanda ngazi zetu na cherehani begani, alisimama saa nzima mbele ya viti kumi vitupu, kisha akauliza wenyewe wanakuja saa ngapi. Shangazi akanigeukia. "Mjibu, msomi." Nikasema wako njiani. Bibi akasema, "Basi wasalimie," akabeba cherehani yake na kuvuka barabara kwa mshindani wetu, ambaye hana tovuti ila ana benchi.

3. Karakana ilipofungwa mwezi mzima ipakwe rangi, sote tulikwenda likizo. Tuliporudi, chombo chenu kilionyesha kwamba mwezi huo watafutaji walikuwa sifuri. Shangazi alishika kiuno. "Wote kumi? Kwa mpigo mmoja?" Akaniagiza niweke salamu za rambirambi kwenye tovuti. Niliziweka. Mwezi uliofuata wakarudi wote kumi, wazima, bila hata kushukuru. Ninyi mnawalea vipi watu hawa?

4. Mwezi huu shangazi amemleta mkwewe akae nami mezani, "ajifunze tu". Tarehe mosi naye alitoa simu kama sisi, na siku chache baadaye idadi ikawa kumi na moja. Shangazi anasema kijana ana nyota. Kiti cha kumi na moja kimeletwa kutoka sebuleni kwake. Nami nimeambiwa kwamba ikiwa hadi mwisho wa mwezi ujao hakuna hata mmoja wa hao kumi na mmoja aliyekaa, meza yangu ni ya mkwe.

Kwa hiyo naomba mnitumie majina yao na mahali wanapoishi. Ikishindikana, wazuieni kutafuta kitu kingine chochote, hata hali ya hewa ya kesho, hadi wapite kwetu. Ikishindikana kabisa, nileteeni mmoja tu, hata kama hana cherehani. Nitamwazima.

Nisalimie wote hapo idarani, wanaohesabu na wanaofagia, na hasa atakayeifungua bahasha hii, maana simjui na namwogopa.

Wako kwa utii na jasho,
Karani wa Cherehani

Nyongeza: Nilikwisha kuigundisha bahasha, nimeichana. Leo ni tarehe mosi. Shangazi alitaka kuona mapokezi yatakavyopendeza wageni wakifika, akaamuru tukae sisi kwanza. Tukakaa, kila mtu na simu mkononi, tukiyatafuta maneno yetu. Viti vilitosha. Hakikubaki kitupu hata kimoja, wala hakuna aliyesimama. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikahesabu tena: kumi na mmoja. Shangazi, kwenye kiti cha katikati, alitabasamu. "Hivi ndivyo itakavyokuwa," akasema.

Basi, Ndugu Mkuu, yafute maombi yangu yote. Zaidi ya yote usitume majina. La kwanza litakuwa la kwake, la pili langu. Usipige simu ofisini, hupokewa kwa spika. Usijibu kwa barua, bahasha zote hufunguliwa na mkwe. Ukitaka kunipata, andika tu "kutengeneza cherehani nyuma ya tangi la maji", mara moja, kabla ya mwisho wa mwezi. Nikiona kumi na mbili, nitajua ni wewe. Kesho yake njoo. Chini ya ngazi utakuta cherehani mbovu imefunikwa kwa gunia. Ibebe, ingia nayo, kaa kwenye kiti chochote. Wakikuambia kina mwenyewe, sema ndiye wewe.