Mibonyezo Saba ya Kaka Vioo

Sogeeni! Enyi mliokaa na ninyi mliokosa viti, enyi wenye magari na ninyi mnaoyaota, sogeeni niwape habari ya vita vikuu vilivyopiganwa uani kwetu siku ya Jumatano, kuanzia saa saba na nusu mchana hadi saa nane na dakika kumi na tano, vita ambavyo hakuna damu iliyomwagika ila tone moja la kidole cha Fundi Pistoni, naye alijitakia. Mwenye simu na aizime. Na kama hajui imezima au haijazima, namsihi asibonyeze tena, maana hapo hapo ndipo msiba wetu ulipoanzia.

Namtaja Kaka yangu, Mkata Vioo, Simba wa Madirisha, aliyekata vioo vya watu miaka kumi na moja na vidole vyake vyote kumi bado anavyo, hata mtaa mzima ukamwita Kaka Vioo, na jina lake la kweli likabaki kwa mama, tena mama akiwa amekasirika. Shujaa huyu ndiye aliyeingia getini Jumatatu jioni akiendesha gari lake mwenyewe, la kwanza katika ukoo wetu, rangi ya majivu, haibridi, likitembea bila sauti kama mtu anayetafuta viatu vyake chumba cha wagonjwa.

"Lina roho mbili," alituhubiria siku ile, mguu mmoja juu ya bampa, "roho ya mafuta na roho ya umeme! Lenyewe ndilo linaamua litumie ipi, halimuulizi mtu! Muuzaji ameniambia, hili gari lina akili!"

Neno hilo la akili ndilo lililotuponza. Tangu hapo kila lilipotufanyia ujinga tulidhani linawaza.

Na jueni kuwa ndani ya gari lile alikaa mwanamke asiyeonekana. Kila likiwashwa, kabla ya jambo lolote, alisema maneno matano au sita kwa lugha ya huko lilikotoka, kwa adabu sana, kisha akanyamaza. Hakuna aliyejua anasema nini. Ila Bibi yetu, Malkia wa Kiti cha Nyuma, aliyeona dunia kwa ukungu kwa sababu ya mtoto wa jicho, aliamua tangu Jumatatu kwamba yule binti anamwamkia, naye kila mara alimwitikia, "Marahaba, mwanangu."

"Bibi, huyo ni wa redio tu," Kaka alimwambia.

"Wa redio ndiyo asiitikiwe?"

Sasa basi. Jumatano ile Bibi alikuwa na miadi ya kupasuliwa jicho la kulia. Miezi saba tuliingoja. Na karani wa hospitali ya macho alikuwa ameshatuambia bila kupepesa: daftari linafungwa saa tisa kamili, asiyefika nafasi yake anapewa mwingine, naye anaanza foleni upya. Miezi saba mingine! Tukamwambia Bibi, tukukodie teksi, usisumbuke. Bibi akapiga fimbo yake sakafuni mara moja.

"Mjukuu wangu ana gari," alisema. "Nitakwenda na gari la mjukuu wangu, au nibaki na ukungu wangu."

Kwa hiyo saa saba na nusu tukaingia: Bibi nyuma na fimbo yake, mimi mbele, na Kaka kwenye usukani, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Asubuhi ile gari lilikuwa limenguruma vizuri tu, maana lilikuwa limepoa. Lakini mchana lilikuwa limetoka kupeleka vioo, lina joto, betri imeshiba. Nasi hayo hatukuyajua. Kaka akaweka mguu kwenye breki, akainua kidole cha shahada kama anayetoa ushahidi, akabonyeza.

Yule mwanamke akasema yake. "Marahaba, mwanangu," akasema Bibi. Kisha kimya.

Kimya, ndugu zangu! Si kimya cha msikitini wala cha mtihani. Kimya cha gari lililowashwa na halijawaka. Kaka akasikiliza. Mimi nikasikiliza. Hakuna mngurumo, hakuna mtetemo.

"Halijashika," akasema Kaka, akabonyeza tena. Taa zote zikafa. Akabonyeza mara ya tatu. "Marahaba, mwanangu." Kimya. Ya nne, taa zikafa. Ya tano, marahaba, kimya. Ya sita akabonyeza huku amefumba macho, taa zikafa. Na ya saba, enyi wasikilizaji, ya saba aliibonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu zote alizojaliwa, hata shati lake likapasuka kwapani.

"Marahaba, mwanangu," akasema Bibi kwa mara ya nne, safari hii kwa sauti ya mtu aliyeanza kuchoka.

Kimya.

Kaka akaachia usukani, mikono ikamwangukia mapajani. "Limekufa," alisema.

Habari za vifo hazihitaji mjumbe. Kabla mlango haujafunguka, alishafika Fundi Pistoni, Baba wa Malori, mwenye mkono mweusi wa grisi hadi kwenye kiwiko, aliyekaa siku mbili akingoja aibu hii kama watu wanavyongoja mshahara. Akaamuru boneti ifunguliwe. Ikafunguliwa. Akachungulia ndani kwa muda mrefu, akachomoa kichwa, akaugeukia umati.

"Wapangaji wenzangu!" alinena. "Mimi nimefungua injini za malori huyu kijana hajaota hata ndevu moja! Gari ni nini? Gari ni mngurumo! Lori langu likiwaka asubuhi, mtoto analia, mbwa anabweka, mama mkwe anakumbuka safari yake. Hilo ndilo gari! Lisilonguruma si gari, ni kabati lenye viti!"

"Pistoni, usinitukanie gari," alisema Kaka.

"Sikutukanii, nakupa pole. Betri ya haya madude ikifa, imekufa. Wanaume, njooni tulisukume litoke getini, lisituzibie njia."

Wakajitokeza wanaume tisa, majemedari wa ua wetu: muuza vitanda, kinyozi na wateja wake wawili wenye povu mashavuni, na wengine siwataji maana hawakusukuma kweli. Wakaegemea kwa mabega. Wakahesabu moja, mbili, tatu. Wakaguna mpaka mishipa ikawatoka shingoni. Gari halikusogea hata unywele, maana gia ilikuwa bado imelazwa kwenye maegesho, na hakuna kati ya wale tisa, wala Kaka, wala mimi, aliyekumbuka kuitazama.

"Zito kama maiti," alisema kinyozi, akapangusa povu la mteja wake lililomwingia jichoni.

Neno maiti lilipotamkwa, mambo yakageuka msiba kabisa. Mama Mwenye Nyumba akaja na benchi. Mtu akamshika Kaka mkono akamwambia, "Jikaze, wewe ni mwanaume."

"Limekaa siku mbili tu," alisema Mama Mwenye Nyumba, akatikisa kichwa.

"Tena lilikuwa pole," alisema muuza vitanda. "Halikuwahi kumpigia mtu kelele."

"Limeacha lori na bajaji," alisema Pistoni, na waombolezaji wakacheka kidogo wakiwa wameinamisha vichwa.

Nikatazama saa. Saa nane na dakika tano. Nikamtazama Kaka, Simba wa Madirisha, amekaa kwenye benchi la msiba, shati limepasuka, anatazama sakafu ya ua. Na aliyekuwa akimwogopa si Pistoni. Alikuwa akimwogopa yule mmoja aliyebaki ndani ya gari, kwenye kiti cha nyuma, ambaye hakuna aliyekumbuka kumteremsha.

Kioo cha nyuma kikashuka.

"Nani amefariki?" aliuliza Bibi.

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Gari, Bibi," nikamjibu mimi. "Pole. Gari limekufa."

"Gari lipi?"

"Hili ulilokalia."

Bibi akainua kichwa, akageuza sikio la kushoto, kisha la kulia, kama anayepima kitambaa. Ukungu wa macho ulikuwa umemnyang'anya sura zetu sote, lakini masikio yake, mabibi na mabwana, masikio yale yalimsikia mjukuu akifungua kopo la sukari nyumba ya tatu.

"Hili gari linapumua," alisema.

"Shikamoo, Bibi," alisema Pistoni kwa upole wa uwongo. "Nimelipima mwenyewe. Limekwisha."

"Marahaba. Wewe kelele za malori zimekuziba masikio, kaa pembeni. Vioo! Njoo hapa! Yule binti kaniamkia mara ngapi?"

Kaka akasimama. "Sikuhesabu, Bibi."

"Mimi nimehesabu, maana mimi ndiye ninayeitikia. Mara nne! Mtu mwenye adabu anakuamkiaje mara nne kwa mkupuo, kama si kwamba kuna mjinga anamfukuza mlangoni na kumwita tena? Anaingia, anaamkia, unamtoa. Anaingia, anaamkia, unamtoa. Mara ya nne kaingia na hujamtoa. Yumo humu. Kanyamaza kwa sababu hana la kuongeza. Na mniwekee baridi, nimeiva huku!"

Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikanyoosha mkono ndani, nikazungusha kiyoyozi mpaka mwisho.

Hapo ndipo gari, lililokuwa linawaka muda wote ule, lililosukumwa na watu tisa likiwa hai na kuombolezewa likiwa hai, liliona kazi imeongezeka na umeme peke yake hautoshi. Likaita roho yake ya pili.

VRUUUM!

Pistoni, kichwa kikiwa tena ndani ya boneti, aliruka. Aliruka juu kuliko umri wake, akakwaruza kidole, akatua kwa makalio ndani ya beseni la Mama Mwenye Nyumba, nalo lilikuwa na nguo nyeupe. Waombolezaji wakatawanyika. Benchi likapinduka. Mteja wa kinyozi alionekana baadaye mtaa wa pili, nusu ya ndevu.

Nami nakiri kwamba Pistoni ni shujaa pia kwa namna yake, maana akiwa bado ndani ya beseni, maji yanamtiririka, aliinua kile kidole chenye damu akatangaza, "Mmeona? Nimeligusa kidogo tu!"

Kaka akampita. Akafunga boneti, akaketi kwenye usukani, akatazama kile kitufe. Mkono ukamwendea wenyewe.

"Ukibonyeza tena nateremka," alisema Bibi.

Mkono ukarudi. Mguu ukaenda kwenye breki, gia ikatoka maegeshoni, na gari likateleza hatua kumi na mbili, tulizihesabu, likapita getini, huku ua mzima ukipiga vigelegele kana kwamba tumevuka jangwa.

Lakini vita havikuisha. Barabarani gari likazima roho ya mafuta, likarudia ukimya wake, na watu hawakutupisha. Watasikiaje? Mikokoteni ilisimama mbele yetu kama tuko peponi. Honi yenyewe ililia kama kifaranga, hakuna aliyegeuka.

"Mdogo wangu," akasema Kaka, macho mbele, "toa kichwa nje ungurume."

"Mimi?"

"Ni saa nane na nusu. Nguruma!"

Nikatoa kichwa nje. Nikanguruma. Nikanguruma sokoni, nikanguruma kwenye mzunguko, nikabadilisha gia kwa mdomo kwenye kilima, na umati ukagawanyika mbele yetu, wengine kwa hofu na wengine kwa kunihurumia. Bibi nyuma akapiga fimbo na kusema, "Kanyaga!" na hatukujua anamwambia Kaka au mimi.

Saa tisa kasoro dakika nne tuliingia hospitali ya macho. Karani alikuwa ameshashika jalada la daftari. Akamtazama Bibi, akamtazama Kaka na shati lake, akanitazama mimi niliyepotelewa na sauti, akafungua ukurasa. Jina likawekewa alama. Miezi saba ikaisha kwa alama ya kalamu.

Tukarudi kufunga milango ya gari. Likalia pii, pii, pii. Kaka akasema linatuaga, lina akili, tukalipungia mkono.

Saa kumi na moja na nusu jioni muuguzi alimtoa Bibi, bandeji kubwa jichoni, akimshika kiwiko. Kaka alikuwa akimsimulia mlinzi wa geti ushindi wetu, na wanaume wanaosukuma walishafika kumi na tano. Bibi akasimama mlangoni. Akainua kichwa. Akageuza sikio.

"Vioo."

"Naam, Bibi."

"Yule binti wa watu umemwacha ndani na gari linawaka tangu saa tisa."

Mlinzi akacheka mpaka kofia ikaanguka. Na hapo, mbele ya mlinzi, muuguzi na wagonjwa wawili wenye jicho moja moja, Kaka Vioo, Mshindi wa Hatua Kumi na Mbili, alitembea hadi kwenye gari akabonyeza mbonyezo wa nane, na gari likanyamaza juu ya kunyamaza kwake, na duniani kote hakuna aliyesikia tofauti ila mtu mmoja. Iandikwe. Saa iandikwe na mahali paandikwe, na kidole kitajwe ni cha shahada.

Lakini Kaka mwenyewe hakushangilia. Aliingiza kichwa chini ya mkono wa Bibi, akamsaidia kuketi, akamfunga mkanda, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Bibi, limezima kweli?"

"Limezima. Sasa liwashe twende nyumbani. Mara moja tu."

Akabonyeza. Mara moja.

"Marahaba, mwanangu," akasema Bibi.