Sindano Zangu za Mofu

Jumatatu, 4 Juni 1956. Ifakara.
Fulgensi amenifukuza! Miaka mitatu nimemchemshia sindano pale dispensari, leo dresa huyu, mfunga vidonda tu, ananiita mvivu mbele ya wagonjwa. Eti nimeacha sufuria ikaungua. Mara moja tu. Haya, mara mbili. Kabla sijaondoka akaniamuru nizike vichupa vya penisilini vilivyokwisha muda wake. Nikazika. Alipokwenda kula, nikafukua. Vichupa tisa, na unga wake ndani! Nimechukua pia bomba moja la sindano, la kioo, lililofutika alama za vipimo. Tutaona nani dakta.

Jumatano, 6 Juni. Mofu.
Nimefika kijiji hiki kwa mtumbwi. Shati jeupe, mkoba mkononi. Wavunaji wa mpunga wameniamkia shikamoo, hata mmoja mwenye mvi. Sikumsahihisha. Nimewaambia nimetoka Ifakara kuwatibu. Ifakara kweli nimetoka.
Tatizo dogo: vipimo. Fulgensi hutia maji maalumu kwenye unga, kiasi fulani, kisha huvuta kiasi fulani. Kiasi gani? Miaka mitatu nilitazama sufuria, sikutazama mikono yake. Nimechora mistari kumi kwenye bomba kwa wino. Kwa kukisia. Imependeza.

Alhamisi, 7 Juni.
Balaa! Nimechemsha bomba, mistari yote imetoka. Nimechora upya na nimeamua kutochemsha tena. Nalisuuza tu kwa maji ya kisima, na unga nauchanganya kwa maji hayo hayo. Umekuwa wa manjano na una mabonge. Nimetikisa mpaka ukatoa povu kama pombe. Kichupa kimoja kimetosha watu wanane: buba, kikohozi, mgongo, na mmoja asiyeumwa chochote aliyetaka naye achomwe. Nimeletewa kuku na kambale wakavu. Mkunga wa hapa, Bibi Konsolata, ameuliza mbona sindano haichemshwi. Nimemjibu hii ni ya kisasa. Wivu!

Jumamosi, 9 Juni.
Apolinari, mvuvi, ameniita kwake. Mkewe Katarina ana kichomi. Homa kali, anapumua kwa shida, na ana kichanga cha miezi minne. Bibi Konsolata alikwisha kusema apelekwe Ifakara leo leo. Mkeka ulikuwa umetandikwa mtumbwini. Nikaona sifa zangu zote zinaondoka na mtumbwi ule! Nikamwambia Apolinari safari itamuua mkewe, mimi nitamponya papa hapa.
Akaniuliza, "Una hakika, Dakta?"
Dakta! Tangu nizaliwe sijaitwa hivyo. Nikasema nina hakika. Mkeka ukarudishwa ndani.
Nimemchoma pajani, mistari miwili. Labda mitatu. Wino ulikuwa umechuruzika.

Jumatatu, 11 Juni.
Katarina amekunywa uji! Amemchekea mwanawe! Nimezunguka kijiji kizima kuwaarifu. Nimemchoma Katarina sindano ya pili, kwa furaha tu.

Jumatano, 13 Juni.
Paja la Katarina limevimba. La moto, linang'aa. Homa imerudi na anaongea maneno yasiyoeleweka. Bibi Konsolata alimfuata Apolinari mwenyewe, wakambeba. Mimi nikachukua mkeka, nikaushika juu wasiukanyage matopeni mpaka mtoni. Akili zikamrudia Katarina kidogo, akanitazama.
"Asante, Dakta," akasema. "Mkeka ungelowa."

Alhamisi, 14 Juni.
Mtumbwi umerudi mapema mno. Nimeuona kwa mbali. Katarina amefia njiani.

Ijumaa, 15 Juni.
Tumemzika. Nilisimama nyuma kabisa. Apolinari akanifuata, kichanga begani. Nilijua atanipiga. Nilitaka anipige.
Akanishika mkono. "Wewe ulijitahidi, Dakta. Mimi ndiye niliyechelewa kumpeleka."
Nilifungua mdomo nimwambie yote. Vile vichupa, maji ya kisima, wino. Nikasema pole. Bibi Konsolata alikuwa karibu, akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. Kichanga kililia njia nzima kurudi.
Nimetupa vichupa vyote mtoni. Na bomba. Sijala tangu jana.

Jumapili, 24 Juni. Idete.
Hapa hakuna anayenijua. Nimeapa sitagusa sindano tena maishani, na kiapo changu nakiheshimu. Mimi si mtu mbaya. Nimefikiri sana wiki hii, na nimegundua kosa langu: vipimo. Mtu asiyejua vipimo asichanganye dawa. Basi nimepata kazi isiyo na vipimo. Meno! Dionisi, fundi baiskeli, ameniazima koleo. Mgonjwa wa kwanza ni kesho asubuhi, mama mjamzito, shavu limevimba mpaka jicho limefumba. Mumewe alikwisha kuazima baiskeli ampeleke hospitali.
Nimemwambia airudishe.