Baba Yangu Ameuawa Mara Tatu

Ofisi ya Usajili wa Vizazi na Vifo,
Dirisha la Nne.

Kwa Mwongozaji wa filamu ya "Krismasi ya Makoti Mekundu".

Ndugu Mwongozaji,

YAH: KUUAWA KWA BABA YANGU MARA TATU NDANI YA FILAMU MOJA

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya na mwenye usingizi mzuri, ingawa kwa kazi uliyoifanya sijui usingizi huo unautoa wapi.

Mimi ni binti wa yule mzee anayekufa katika filamu yako. Najua maelezo hayo hayakusaidii kitu, maana katika filamu yako kila mtu anakufa, hata mpiga kinanda. Nifafanue. Ni yule mrefu, mwembamba, mwenye sikio la kushoto lililojikunja juu. Dakika ya kumi na tisa anakufa akiwa mlinzi wa mlango, amevaa mabuti. Dakika ya arobaini na nne anakufa akiwa mhudumu wa mezani, amevaa viatu vyeusi vya kung'aa. Dakika ya themanini anakufa akiwa mgeni wa hoteli, amevaa nguo za kulalia na miguu iko wazi. Ni mtu yuleyule. Ulimbandika masharubu, ukayabandua, ukamvika miwani, ukadhani umemaliza kazi. Sikio ulilisahau.

Kazi yangu ni kusajili vifo. Fomu yetu ina nafasi moja tu ya tarehe ya kifo, na katika miaka minne niliyokaa kwenye dirisha hili hajawahi kutokea mtu wa kuniomba nafasi ya pili. Kwa hiyo nakuandikia kama binti, na pia kama mtu anayeijua kazi yake, jambo ambalo huenda likawa geni kwako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hadithi yenyewe. Jambazi mstaafu anavaa koti jekundu na ndevu za pamba, anajifanya Baba Krismasi, anakwenda kuiba sefu ya hoteli wakati wageni wako kwenye karamu. Akifika anakuta magenge mengine matatu yamepata wazo hilohilo na kuvaa hivyohivyo. Basi wanauana kwa saa nzima, kwa sababu hakuna anayejua yupi ni wa kwake. Wageni wanaendelea kula. Ulimwambia mwandishi wa gazeti kwamba hiki ni kichekesho cheusi kinachouhoji ukarimu wa binadamu. Nimekwenda kukitazama mara mbili, nikiwa na daftari. Ukarimu sikuuona ukihojiwa popote. Niliona watu thelathini na wanane wakifa, na nilipowahesabu vizuri mara ya pili wakawa kumi na mmoja, kwa kuwa wote uliwarudia.

2. Waigizaji wako. Yule mkubwa, ambaye mashabiki wanamwita Kifua, anavua shati dakika ya sita, katikati ya theluji. Halivai tena. Theluji yenyewe ilikuwa pamba ya mito; baba alirudi nayo nyumbani masikioni, tukamwita siku mbili haitiki. Kifua ana uso mmoja tu. Ule alioutumia kuagiza chai ndio alioutumia pacha wake alipokufa mikononi mwake. Mwenzake wa kike, ambaye kwenye mabango mmemwandika Malkia, anawapiga wanaume tisa kwa uzi wa taa za mti wa Krismasi, na hereni zake hazitikisiki. Zimegundishwa? Mtu pekee aliyeigiza kwa ukweli katika filamu nzima ni baba yangu, naye alikuwa amelala chini amefumba macho. Tafadhali usiichukue hiyo kama sifa. Ni aibu yako.

3. Namna ulivyompata. Baba ni fundi saa. Kwa miaka thelathini na minne ameshika kibano mkononi na lenzi jichoni, na mkono wake hautetemeki. Msaidizi wako alileta saa itengenezwe, akamkuta baba ameinamia gurudumu dogo kuliko punje ya mchele. Akasimama pale dakika ishirini akimtazama, kisha akasema, "Mzee wangu, wewe ungekuwa maiti nzuri sana." Mtu mwenye malezi angeomba radhi papo hapo na kwenda zake. Na mzee mwenye akili timamu angemfukuza. Baba yangu alitoa lenzi jichoni akauliza, "Nifike saa ngapi?"

4. Hali ya mtaani kwetu. Baba sasa haitwi fundi, anaitwa Marehemu. Muuza mboga anamwamkia kwa sauti ya kusikika barabara nzima, "Shikamoo, Marehemu!" naye anaitikia, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" bila haya yoyote. Wapangaji wenzetu wakigombea zamu ya kamba ya kuanikia nguo, wanakuja kumwita baba aamue, eti yeye ameshakwenda huko na kurudi, hawezi kupendelea mtu. Na anaamua! Wiki iliyopita alimpa kamba mke wa kinyozi, na mimi nguo zangu zikashinda kwenye beseni.

Shangazi yangu, ambaye ni dada yake wa pekee, anaishi mji mwingine na hakuwa ameambiwa lolote. Alikwenda sinema na wenzake wa kikundi cha kushona. Dakika ya kumi na tisa alisimama ukumbini akapiga yowe, "Kaka yangu, jamani! Wamemuua kaka yangu!" Mwenye ukumbi akaleta maji, wenzake wakampepea. Dakika ya arobaini na nne akamwona tena, akiwa hai, akigawa vinywaji, na kabla hajamaliza kumshukuru Mungu, akanyongwa. Alinipigia simu kesho yake. Nakunukulia: "Mwanangu, mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilikasirika. Mara ya tatu nilicheka mpaka kilemba kikadondoka. Sasa niambie, siku akifa kweli nitamlilia kwa uso gani?" Naomba umjibu wewe, kwa maandishi.

5. Mazoezi ya nyumbani. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu, na nitalieleza mara moja tu.

Mama yangu alifariki mwaka juzi, mchana, kwenye kochi la sebuleni kwetu. Baba alikuwa mezani na saa ya mteja. Mimi nilikuwa napiga pasi. Tulidhani amelala. Niligusa miguu yake nikaona imepoa, nikamfunika shuka. Baba akapunguza sauti ya redio ili asimwamshe. Tulikaa hivyo kwa saa mbili, tukizungumza kwa kunong'ona. Fomu yake niliijaza mimi mwenyewe hapa dirishani, kwa mwandiko mzuri. Tangu siku ile, baba akijinyoosha kidogo baada ya chakula, mimi hupita sebuleni nikijifanya natafuta mkasi. Tuna mkasi mmoja, na nimeshautafuta mara nyingi sana.

Sasa, siku moja kabla hujaanza kupiga picha zako, nilirudi kutoka kazini mapema nikamkuta baba amelala sakafuni, mkono mmoja chini ya kochi, mdomo wazi. Nilipiga kelele. Jirani yetu muuguzi alifika na kandambili ya mguu mmoja. Tulipompindua, baba alifungua jicho moja akasema, "Umenikatisha pumzi, mwanangu. Nilikuwa nimeshafika dakika ya saba bila kutikisika." Nilikaa palepale sakafuni nikamwambia maneno mengi, mengine mabaya. Siyakumbuki yote, na sijajaribu kuyakumbuka. Yeye alikuwa akitikisa kichwa tu, anaitikia, "Sawa, mama. Sawa. Nimesikia."

Hebu fikiri jambo hili kwa makini, ikiwa una nafasi. Umemfundisha baba yangu kufanana na kitu ninachokiogopa kuliko vyote, na umemsifia kwa kukifanya vizuri.

6. Kidole. Kufa kwake mara ya tatu, dakika ya themanini, sanduku la zawadi linamwangukia kichwani, analala chali, na kamera yako inakwenda kusimama miguuni pake. Sijui ulikuwa unatafuta nini huko. Hapo, mbele ya macho ya watu wote, kidole gumba cha mguu wa kushoto kinainuka na kushuka. Kinatulia. Kinainuka na kushuka tena. Ukumbi mzima uliangua kicheko, na mzee mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Huyo bado, mwongezeeni sanduku!" Gazeti likaandika kwamba katika filamu hii hata maiti hawakuweza kuvumilia.

Umejitetea gazetini. Umesema mzee alisahau, na kwamba kabla filamu haijapelekwa miji iliyobaki kwa ajili ya Krismasi, kasoro ya kidole itafutwa. Ndugu Mwongozaji, baba yangu hajawahi kusahau hata skrubu. Kama mtu aliyetulia miaka thelathini na minne amechezesha kidole, basi kosa ni lako. Labda sakafu ilikuwa ya baridi, au kulikuwa na sisimizi. Labda ulimlaza hapo muda mrefu mpaka damu ikagoma, huku Kifua akitafuta mahali pa kuweka mikono yake. Kumsingizia mzee wa watu ni uoga.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo:

(a) Usikifute kidole. Mfute mtu mzima, katika vifo vyote vitatu. Hadithi yako haitapungukiwa, kwa kuwa haina kitu cha kupungua.

(b) Ukishindwa, tia saini fomu tatu za kifo nilizoambatanisha. Nimekusaidia kujaza sababu: ya kwanza, kuangukiwa na nyota ya juu ya mti wa Krismasi, ya pili, kunyongwa kwa uzi wa taa za rangi, ya tatu, kupigwa na sanduku la zawadi likiwa na zawadi ndani. Ukishasaini, kanuni zinamtaka mtoa taarifa aeleze mwili uko wapi. Utaeleza kwamba uko kwenye kibanda cha saa, unakunywa chai. Kutoa taarifa ya uongo ya kifo ni kosa. Kuitoa mara tatu kwa mtu mmoja ni mazoea, na kwa mazoea tuna faili lake, jekundu kama makoti yako.

(c) Nimesikia unaandaa filamu ya pili na umemwahidi baba kufa mara tano. Mwambie nafasi zimejaa. Mwambie ana sura ya uzima mno. Sema uongo wowote. Kwa uongo naamini huna upungufu.

Nisalimie wote huko kazini. Msalimie Kifua, umwambie shati halijawahi kumdhuru mtu. Msalimie Malkia na hereni zake. Mpiga kinanda mpe pole, alistahili kufa baada ya wimbo kuisha. Msaidizi wako mwambie saa yake ilishatengenezwa wiki mbili zilizopita, aje kuichukua, na akija asimtazame mtu. Shangazi hakusalimu, anasubiri jibu lake.

Wako nisiye na furaha, lakini mwenye adabu,

Binti wa Marehemu
(marehemu wa dakika ya 19, 44 na 80)

Viambatanisho: fomu tatu.

Tanbihi. Kwa kuwa barua hii inamhusu, niliona si haki kuituma kabla baba hajaisoma. Aliisoma mezani kwake akiwa na lenzi jichoni, kurasa zote. Alisahihisha jambo moja: kifo cha pili ni dakika ya arobaini na tatu, alikihesabu kwa saa ya mkononi. Alipofika namba sita akatoa lenzi.

"Lakini si wewe uliyeniambia?" akasema.

Nikamuuliza nilimwambia nini.

"Siku ile ya sakafuni. Ulisema nisilale tena hivyo bila kukuonyesha kwamba natania. Nikakuuliza nitaonyeshaje, na maiti hairuhusiwi kusema? Ukasema, hata kidole, baba. Hata kidole tu."

Niliichukua barua nikaisoma tena namba sita. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa kumbukumbu na sipendi taarifa zisizolingana, nikamuuliza kwa nini basi alichezesha mara ya tatu tu, na mbili za mwanzo akaniacha hivihivi.

"Nilichezesha zote," akasema baba, na kurudi kwenye saa yake. "Zile mbili nilikuwa na viatu."

Ndugu Mwongozaji, fomu nimezichana, kwa hiyo kwenye bahasha hutazikuta. Naomba usikifute kidole. Naomba usimfute mtu. Leo jioni nakwenda kuitazama filamu yako mara ya tatu, nami nitaangalia mabuti. Na kuhusu ile ya pili, baba amekubali, nami sina pingamizi. Muue mara tano, muue mara kumi ukipenda, ila usimvike viatu.