Ufunuaji Rasmi wa Sura Bandarini Kalundu

Kwa heshima na taadhima, umma wa Uvira na wa kando yote ya ziwa unajulishwa kwamba tangu sasa hakuna mtu atakayepanda boti Kalundu kabla sura yake haijafunuliwa kiserikali. Sisemi kuonekana. Kuonekana kila mtu anaonekana, hata mbuzi. Nasema kufunuliwa.

Neno lenyewe ni la Kiingereza, fesi rivili, na lilitufikia kwa njia ya simu. Kuna vijana wanaojificha nyuma ya barakoa kwenye mitandao, na wakishapata wafuasi wengi, siku moja huivua na kuonyesha uso. Hiyo ndiyo fesi rivili. Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Sévère, alimsikia binti yake akilitaja neno hilo mezani, akaona papo hapo kwamba ni zito mno kuachiwa watoto. Akaunda Idara. Mimi, Toussaint, nikateuliwa naibu wake, na sijawahi kulala vizuri kama usiku ule.

Tulikaa kikao kutafuta maana rasmi. Je, masikio ni sehemu ya sura? Mjumbe wa Luberizi alisema ndiyo, wa mjini akasema inategemea kofia. Mwishowe Mkurugenzi alituandikia uamuzi: anayetaka kufunuliwa alete mashahidi watatu waliomwona usoni kwa macho yao wenyewe. Na Idara ifunguliwe na Mkurugenzi mwenyewe, si mwingine.

Asubuhi ya ufunguzi tuliweka kamba mbele ya gati, benchi kwa wasiofunuliwa, na mlinzi Jafari, kijana asiyecheka. Boti ya kwenda mji wa Baraka ilikuwa imeshajaa mizigo. Abiria wote walikuwa upande wetu wa kamba, na mbele yao alisimama Fadhila, muuza vitenge, mfuko kichwani.

"Bwana Toussaint, unipitishe," alisema. "Chadia wangu iko na uchungu tangu alfajiri. Ni mimba ya kwanza. Bwana yake iko kwa machimbo. Kule Baraka hana mutu."

"Pole sana, Mama Chadia. Tunamsubiri Mkurugenzi."

"Weye hunijui? Kitenge ya harusi yako, si minye nilikuuzia?"

"Nakujua kama raia. Kiidara bado sikujui."

Wapagazi walipiga kelele nyuma yake. "Mama Chadia tunamujua sisi bote! Leta hata Biblia, leta Kurani, tuape!" Niliwaeleza kwa utulivu kwamba wingi wa mashahidi haufungui Idara.

Huyu mama alikuwa ameshafika ofisini kwetu wiki iliyopita, kutafuta njia ya mapema. Mkurugenzi humpokea kila mtu akiwa nyuma ya pazia, maana uso wa kiongozi hauzoeshwi watu ovyo. Fadhila aliweka simu karibu na pazia, na binti yake akasema kutoka Baraka: "Huyo ni mama yangu, nisaidieni." Mkurugenzi akajibu: "Sauti si sura." Nilipiga makofi. Ilikuwa hukumu safi.

Nahodha akapiga honi. Fadhila akashusha mfuko wake chini, akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Nilimwonea huruma, nakiri, ingawa huruma haimo katika kanuni.

Ndipo tukaona mtu anakuja juu ya maji. Ziwa lilikuwa limepanda na kuimeza barabara, na jeep moja nyeusi ilikuwa imekwama ng'ambo ya pili, dereva ndani. Mtu huyo alikuwa amebebwa mgongoni na mpagazi Amisi, miguu peku, viatu vimeachwa garini visilowe. Amisi alimtua mbele ya kamba.

"Simama hapo, papa," Jafari akasema. "Mashahidi?"

"Mashahidi gani? Minye ni Directeur!"

"Bote banasemaka vile tangu asubui. Nani anakujua sura?"

Yule mtu akamgeukia Amisi.

"Minye nilimubeba kwa mugongo," Amisi akasema. "Uzito yake, naweza kuapa. Sura, hapana."

"Toussaint! Baambie!"

Sauti niliitambua mara moja. Lakini sauti si sura. Hukumu ilikuwa ya Mkurugenzi mwenyewe, nami si mtu wa kumpinga mkubwa wangu. Kazini alizungumza nami kupitia pazia, na barabarani kupitia kioo cheusi kilichoshushwa kidogo tu. Kila aliposhuka garini, kwa adabu, nilimtazama viatu tu. Viatu vile ningeviapia mbele ya korti. Siku hiyo havikuwepo.

Nikamtazama usoni. Ilikuwa sura ya kawaida, yenye chembe ya mkate kwenye sharubu. Nilihuzunika, maana nilitegemea kitu kikubwa zaidi.

"Samahani, mzee," nikasema. "Sijapata kukuona."

Akamrukia Fadhila. "Mama, weye ulikuja kwangu! Sema ukweli!"

Fadhila alimtazama kwa makini, kama anayepima kitambaa. "Ukweli njo huu. Nilikujaka, ndiyo, nikasalimia rido, ile pazia. Rido yenu ikuje hapa, nitaiapia. Weye sikujui."

Gati zima lilicheka, isipokuwa Jafari.

Injini ya boti ikawaka. Nilifikiri haraka, jambo ambalo katika Idara halihimizwi. Kwa kuwa huyu hajathibitishwa kuwa Mkurugenzi, basi Mkurugenzi hajafika. Na mkubwa asipokuwepo, naibu hukaimu, na kaimu ndiye Mkurugenzi mwenyewe. Kifungu kiko wazi, tena kaandika yeye.

"Kwa mamlaka ya kaimu," nikatangaza, "Idara imefunguliwa. Mama Chadia, mashahidi?"

Wapagazi wakaitikia kwa pamoja hata mabata wakaruka. Niliinua kamba kwa mkono wangu. Fadhila hakungoja hotuba. Alinyakua mfuko, akakimbia, akapanda, na abiria wengine wakafuata wakishuhudiana wawili wawili, watatu watatu. Boti iliondoka kuelekea kusini, naye amesimama mbele kabisa, simu sikioni, akipiga kelele: "Chadia, jikaze! Niko nakuja!" Niliona macho yangu yana maji. Nikayafuta kiofisi.

Tulipobaki wenyewe, Jafari alimwongoza yule mtu hadi kwenye benchi ya wasiofunuliwa. Aligonga ubao, akaapa kwamba atanifukuza kazi kabla ya jua kuzama. Nilimsogelea kwa upole, nikamwomba apunguze sauti: Mkurugenzi anaweza kuingia wakati wowote, naye hapendi kabisa watu wa namna hii.