Aliyekufa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Juni
Sijawahi kumwambia mtu yeyote hili: mshonaji wa kwenye riwaya alishakufa. Alikufa ukurasa wa arobaini na moja, kwa homa, kabla hajamaliza hata gauni la kwanza. Kurasa zote zilizobaki ni wajomba wanaogombania cherehani yake.

Mimi ndiye ninayemsomea Bibi riwaya hiyo ya maktaba kila jioni, kwa kuwa mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili. Na kwa Bibi, mshonaji yuko hai wiki ya tatu sasa. Anatembea asubuhi. Hagusi chumvi. Baada ya chai anameza vidonge viwili vya presha. Natunga yote, huku nafunua kurasa kana kwamba nasoma.

Sababu ninayo! Daktari alisema presha ikiwa juu, jicho hapasui ng'o. Bibi akamjibu kwamba vidonge ni vya wagonjwa, na yeye si mgonjwa, haoni tu. Mama alibembeleza. Nilibembeleza. Wapi! Lakini siku mshonaji alipomeza kidonge cha kwanza, Bibi aliuliza vyake viliwekwa wapi.

Jumanne, 4 Juni
Presha imeshuka! Muuguzi alipima mara mbili, akauliza siri ni nini. Bibi akasema anamwiga binti mmoja. Muuguzi akanitazama. Nikatazama viatu vyangu.

Tatizo ni Fundi Saa, jirani yetu mstaafu. Anakuja kusikiliza bila kualikwa, na karanga za chumvi kwenye karatasi. Leo alinikatiza: jana mshonaji alikuwa na dada wawili, leo watatu? Nikasema mmoja amezaliwa. Akauliza, kazaliwa akiwa na mume? Bibi akamwambia aache kumchokoza mtoto. Kisha akala karanga viganja vitatu. Nimehesabu.

Alhamisi, 6 Juni
Mpango! Katika mtaa wa mshonaji nimemwingiza mzee mmoja fundi wa saa, mdomo mrefu, anayegawa karanga za chumvi kwa watu wenye presha. Leo ametumbukia mtaroni. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi Saa hakucheka. Alikunja karatasi yake polepole, akasema kuna saa ameiacha wazi nyumbani, akaaga.

Ushindi!

Jumapili, 9 Juni
Fundi Saa haji. Siku ya tatu hii. Bibi hataki riwaya. Anakaa dirishani, uso kwenye jua, maana mwanga ndio pekee anaouona, na anasema siku hizi mchana hauishi. Vidonge viko mezani. Nilimwambia mshonaji ameshameza vyake. Akasema hongera zake.

Jumatatu, 10 Juni
Kipindi cha hisabati. Mshonaji alipita nje ya dirisha la darasa. Alibeba kitambaa cha buluu begani, kirefu, chepesi, upepo unakivuta na yeye anakwenda nacho, miguu haigusi chini vizuri. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kona. Mwalimu akataka jibu la swali la nne. Nikasema viwili, baada ya chai.

Nitaitwa Kidonge mpaka nimalize shule.

Presha ya Bibi imepanda. Zimebaki siku kumi apasuliwe.

Jumanne, 11 Juni
Niliandika hotuba ya kumwomba Fundi Saa radhi, kurasa mbili. Nilipofika mlangoni nikasema shikamoo, basi. Akasema marahaba, akaendelea kuchokonoa saa. Chumba kizima kilikuwa tik-tak, saa hamsini na hakuna mbili zinazokubaliana. Ningeweza kulala humo mwaka mzima.

Nikasema kesho fundi wa saa anatolewa mtaroni. Hakuinua kichwa. Nikasema akishaoga anaonekana mtu wa maana. Nikasema tena, mshonaji amemtazama mara mbili.

Akauliza kama ana ndevu. Nikasema anazo, nyeupe, zimechanwa. Akauliza habari ya karanga. Nikasema ameacha kutia chumvi. Akanung'unika kwamba hayo sasa ni mateso.

Jioni alikuja. Karanga hazina chumvi! Alilalamika ni kama kutafuna vifungo vya shati. Bibi akasema ndivyo mshonaji anavyozipenda, akameza vidonge vyake.

Alhamisi, 20 Juni
Presha chini! Wamempasua jicho la kulia. La kushoto ni baada ya miezi miwili, presha ikikaa hivi hivi. Nilikaa kwenye benchi la hospitali, nikafurahi kwa dakika tano kamili.

Halafu nikakumbuka. Bibi akiona, atasoma.

Jumamosi, 6 Julai
Riwaya niliificha juu ya kabati. Sikujua kwamba mtu akipata jicho jipya, kitu cha kwanza anachotafuta ni utando wa buibui. Bibi alipanda kiti, akaikuta.

Aliketi dirishani tangu asubuhi, miwani puani. Nilisimama jikoni nikisikiliza kurasa zikifunuliwa. Zikakoma. Nikajiambia leo nasema kweli. Nikaingia na kusema Bibi, ni mimi.

Bibi akasema anajua ni mimi, sasa anaona. Akasema hiki kitabu sicho. Eti nilipokwenda kuongeza muda wa kuazima, maktaba walinibadilishia, kwa sababu mimi ni mpole na watu wananionea. Humu binti anakufa! Na fundi wa saa hayumo kabisa. Fundi Saa, aliyeketi pembeni na karanga zake, aliruka kwenye kiti. Hayumo kabisa? Huo ni wizi!

Nikaona vidonge mezani, vyote viwili. Bibi akasema kama havikumsaidia mshonaji, yeye havimhusu.

Nikasema Bibi, kosa ni langu. Akasema si langu, nichukue kalamu, niwaandikie barua ya malalamiko.

Basi niliandika. Bibi aliisoma mwenyewe, akaongeza mstari mkali kuhusu watu wanaoua wenzao ovyo. Fundi Saa akatia sahihi kama shahidi. Niliipeleka mpaka mlangoni pa maktaba, nikaupita mlango, nikazunguka nyuma, nikaketi kwenye ngazi na kuandika majibu ya mkutubi. Mkutubi anasikitika. Anakiri kosa. Mshonaji ni mzima, na nakala sahihi ina juzuu saba, zitaletwa moja moja, zimeandikwa kwa mkono kwa kuwa mashine ya kuchapia imeharibika. Ili Bibi asitambue mwandiko wangu, nililaza herufi zote upande wa kushoto.

Nilirudi nyumbani nikampa. Alisoma mara mbili, akaomba maji, akameza vidonge. Nikaingia chumbani, nikafungua daftari jipya. Mpaka sasa nimemaliza kurasa nne, herufi zote zimelala kushoto.